Kigingi cha Kamba ya Nne

Ijumaa ile, saa nne asubuhi, Mwalimu Kassian alikuwa amechutama uani kwa dada yake Febronia, kijijini Michenga, akiandika hesabu kwa kidole juu ya unga wa mchele uliotandazwa kwenye ungo. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko. Alikuwa ametoka Mlabani, mjini, alfajiri na hakuwa amekunywa hata chai, kwa sababu Kassian alikuwa mtu wa kumaliza hesabu kwanza na kula baadaye, tabia iliyomfanya akonde tangu akiwa seminari.

"Karata ni arobaini," alisema. "Ree tunaihesabu moja, halafu mbili, tatu, mpaka kumi. Kila namba iko mara nne. Zenye picha hazimo. Unavuta moja, karani anaandika, inarudishwa, zinachanganywa upya, anavuta mwingine. Umenielewa, dada?"

"Karata nazijua. Kwani marehemu alikuwa hachezi?"

"Haya. Jumlisha moja mpaka kumi, unapata hamsini na tano. Gawa kwa kumi. Tano na nusu. Hiyo ndiyo inaitwa thamani tarajiwa. Si kwamba utavuta tano na nusu, karata ya hivyo haipo. Ni kwamba ukivuta na kuvuta, miaka nenda miaka rudi, wastani wako utatulia hapo."

Febronia aliitazama tano na nusu iliyolala kwenye unga wake. Alikuwa mkubwa kwa Kassian kwa miaka sita, na ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, kwa hiyo hakuona haya kumkatisha.

"Mimi sivuti miaka nenda miaka rudi. Navuta kesho, mara moja. Viktor yumo au hayumo?"

Viktor alikuwa mumewe. Mvua za El Nino zilimkuta shambani, mwezi wa tatu mwaka huo wa tisini na nane, juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu ambamo watu wa bondeni hulala kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Homa ilimchukua siku ya tano. Maji yalikuwa yamefunika bonde lote mpaka mto Lumemo, na makaburi ya misheni yalikuwa yanafikika kwa mtumbwi tu, na mitumbwi yote ilikuwa inabeba walio hai. Basi wakamzika palepale kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya dungu, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu. Padre alikuja baada ya mwezi, akapabariki, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Maji yalipoondoka yaliondoka na mipaka yote. Mto ulikuwa umegeuza mkondo wake, na shamba la mtu lilikuwa mchanga, na mchanga wa mtu ulikuwa shamba. Kamati ya ardhi ikapima ardhi nyevu iliyobaki, ikapata urefu wa kamba mia mbili na ishirini kwa kamba yake ya kupimia, na kaya zilikuwa arobaini. Mtu alisimama mkutanoni akasema tugawane sawa, tano na nusu kila mtu, yaishe. Akazomewa. Michenga tangu zamani mabwawa ya kambale yaligawanywa kwa karata maji yakishashuka, na hakuna aliyekuwa tayari kuipoteza ile nafasi yake ya kupata kumi. Shamba la aliyevuta kumi lingepinda nyuma ya la aliyevuta mbili, na maisha yangeendelea. Kwa kuwa maji yangefuta mipaka tena kila mwaka, kura nayo ingepigwa kila mwaka.

Kamati ilimwita Kassian, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari mjini na mtoto wa hapo, ahakikishe kwamba ardhi itatosha. Alihakikisha. Aliandika kwa mkono wake: "Tarajio ni kamba tano na nusu kwa kaya. Ikizidi kidogo, ipunguzwe kwenye mapito ya ng'ombe. Ikipungua, salio liwe akiba ya kijiji." Akatia sahihi, na chini yake tarehe.

Kila kaya ilikuwa na mahali pake pa kuanzia, barabarani, na kutoka hapo ingepimiwa kuelekea mtoni. Kile kichuguu cha Viktor kilikuwa kwenye mstari wa Febronia, kati ya kamba ya nne na ya tano. Mwenye tano na kuendelea angekuwa nacho. Mwenye nne kushuka angekiona tu.

Kassian alilijua jibu sahihi. Jibu sahihi lilikuwa kwamba kati ya mara kumi, mara sita yumo na mara nne hayumo. Alifungua kinywa aliseme. Lakini dada yake alikuwa ameshika kingo za ungo kwa mikono miwili, anamngoja.

"Yumo, dada," alisema.

Febronia akaupeta ungo, namba zikapotea, akaingia jikoni kumpikia mdogo wake.

Jumamosi Kassian hakuwepo. Alikuwa anasimamia mtihani wa kidato cha nne, na habari alizipata Jumapili baada ya misa, kwa mtu aliyekuwa amekuja mjini kununua chumvi. Febronia alikuwa amevuta ree ya maua. Kamba moja. Jirani yake Shilinde, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Maswa miaka ya nyuma, alikuwa amevuta saba ya kopa, na vigingi vilikuwa vimekwishapigwa jioni ileile. Asiye na bahati habahatishi, alisema yule mtu, akaenda zake na chumvi yake. Kassian alibaki amesimama nje ya kanisa mpaka wanakwaya wakamaliza kufunga vinanda.

Jumatatu aliomba ruhusa, akapanda baiskeli. Njia nzima alikuwa anatafuta namna ya kusema samahani kwa mtu aliyekubeba mgongoni.

Alimkuta Febronia shambani na jembe, kigingi chake kikiwa kwenye kamba ya nne.

"Kilihama," alisema Febronia. "Shikilia hapo nikate hili gugu."

Kassian akashika. Kile kigingi kilikuwa kilekile cha Jumamosi, na alama ya karani ya rangi nyekundu, ila nyasi zilikuwa zimeota miguuni pake na mchwa wameanza kukila upande mmoja, kana kwamba kimesimama hapo miaka mitatu. Cha Shilinde nacho kilikuwa kwenye nne, kimerudi nyuma kutoka saba. Cha aliyevuta tatu kilikuwa kwenye nne. Cha aliyevuta sita, nne. Waliovuta nne hawakuona tofauti yoyote isipokuwa nyasi.

Mchana huohuo karani alikuja na kamba ya kamati, akavirudisha vyote mahali pake kufuatana na daftari. Jumanne vilikuwa kwenye nne. Akavirudisha. Jumatano vilikuwa kwenye nne, na karani akasema yeye ana kazi nyingine za kufanya, akaandika nne mbele ya majina yote arobaini.

Siku hiyohiyo Shilinde na mkewe Mbuke walifika na kamba yao wenyewe ya kufungia ng'ombe, wakapima, wakapata nne.

"Shikamoo, Mama Careen," alisema Shilinde. Careen ni binti wa Febronia, ameolewa Mahenge. "Naona kamba zangu tatu zimehamia kwako."

"Marahaba, baba. Mimi sikuziita."

"Najua hukuziita. Nimekuja kuziaga tu."

"Mwache mama wa watu," alisema Mbuke. "Ng'ombe wenyewe wakihama huwa unawaaga?" Wakacheka kidogo, wote watatu, kicheko cha watu waliochoka, kisha wakaenda kunywa maji.

Kassian hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye tuta na kipande cha karatasi. Alikuwa amejumlisha vyote vilivyovutwa Jumamosi, kaya moja baada ya nyingine, akapata mia moja hamsini na saba. Ukigawa kwa arobaini hupati nne. Unapata pungufu kidogo ya nne. Na ardhi iliyokaliwa na vigingi ilikuwa mia moja na sitini kamili. Basi bonde halikuwa limewagawia watu wastani wa walichovuta. Lilikuwa limewagawia walichopaswa kutarajia, kila mmoja, bila kuongeza wala kupunguza, na zile kamba tatu za ziada limezitoa lenyewe.

Sasa nne ni tarajio la nini? Si la moja mpaka kumi. Alijumlisha moja mpaka saba: ishirini na nane. Akagawa kwa saba.

Akaomba daftari kwa karani, akapitia majina tena. Watu arobaini walikuwa wamevuta, na hapakuwa na nane, wala tisa, wala kumi. Kila mmoja alikuwa ameangalia karata yake tu na kusikitika au kushukuru, na kila mmoja alidhani kumi imewaangukia wengine. Kwa karata kamili, jambo hilo hutokea mara moja katika mara milioni moja na nusu. Kassian alilipiga hesabu mara mbili. Kisha akachukua baiskeli, akaenda kwa mwenyekiti.

Mzee Evodius, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu mpole, mpenda utaratibu. Jioni zake zote alizimalizia kwenye kibanda cha mashine ya kukoboa mpunga, akicheza karata na wazee wenzake. Ofisi ya kamati ilikuwa ni ukumbi wa nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae. Kikombe weka popote, meza hii haiyumbi."

Kweli haikuyumba. Kassian aliinama kuangalia, na chini ya mguu wa kushoto akaona karata zimepangwa, nene kiasi cha sarafu mbili zilizobebana. Ya juu ilikuwa kumi ya kopa.

"Mzee, hizo ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Nane, tisa na kumi."

"Ndizo. Mchezo wetu pale mashineni hauzitaki, zilikuwa zinakaa bure. Na meza ilikuwa inayumba tangu enzi za mwenyekiti aliyepita, maandishi yanakwenda upogo."

"Na Jumamosi mlivutisha watu karata za mashineni."

"Kijiji hakina nyingine."

Hakusema kwa kificho. Alisema huku akimkorogea mwalimu sukari.

"Mzee, siombi kura irudiwe," alisema Kassian. "Nyanyua meza tu. Zichukue hizi uzichanganye na zile. Usivutishe mtu yeyote. Vigingi vyenyewe vitajua pa kwenda, tano na nusu."

"Najua. Hata mke wangu amesema hivyohivyo juzi."

"Sasa?"

Mzee Evodius alivuta faili, akatoa karatasi, akaiweka mbele yake kwa upole. "Sahihi hii ya nani, mwalimu?"

Ilikuwa ya Kassian.

"Uliandika, salio liwe akiba ya kijiji. Salio limepatikana. Karani aliandika sitini na tatu, Jumatano akafuta akaandika sitini. Kamati imeshalikodisha kwa mwenye trekta wa mjini, msimu huu, na kila msimu atakaotaka. Mkataba umesainiwa juu ya meza hii. Mtu hanyanyui meza yenye mkataba."

"Shemeji yangu amelala kwenye hilo salio."

"Nafahamu." Uso wa mzee ulikuwa wa huzuni ya kweli. "Ule mkeka wake, upande wa miguu nilishika mimi. Maji yalinifika hapa." Akajionyesha kifuani. Kisha akamgeukia karani. "Andika. Hoja ya mwalimu imepokelewa."

Hoja ilipelekwa mbele ya mkutano wa kijiji. Watu walimsikiliza Kassian mpaka mwisho, na wakamwelewa, hata wasiojua kusoma, maana alieleza kwa punje za mahindi. Lakini waliokuwa wamevuta moja, mbili na tatu walikuwa kumi na wanane, na hao nne ilikuwa imewaangukia kama mana, hawakutaka mtu aiguse. Waliokuwa wamevuta nne hawakuona walichopoteza. Shilinde, aliyepoteza kuliko wote, alisimama akasema, "Mwalimu, hesabu yako imenyooka. Tatizo ni nani atanyanyua meza." Mzee Evodius akashukuru kwa mchango huo, na mkutano ukaendelea na suala la choo cha shule.

Kassian hakukata tamaa upesi. Alinunua boksi jipya la karata dukani Mlabani, akaja nalo, akalifungua juu ya kichuguu cha Viktor, akaondoa zenye picha, akaziacha arobaini pale zimefunikwa kwa sufuria mpaka asubuhi. Kigingi hakikusogea. Bonde halikuwa na maagano na karata zile.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, wenzake Febronia walikwenda makaburi ya misheni na mishumaa. Yeye alikwenda shambani. Mwenye trekta alikuwa ametoa amri kwamba asiyehusika asivuke vigingi, basi aliuwasha mshumaa wake kwenye kigingi cha kamba ya nne. Kutoka hapo mpaka kaburini ni hatua kumi na mbili. Alisali kwa sauti, ili Viktor asikie. Kassian alisimama nyuma yake na kofia mkononi, anahesabu zile hatua bila kutaka.

"Ulisema yumo," alisema Febronia bila kugeuka.

"Nilisema, dada."

"Basi."

Wiki iliyofuata trekta lilikuja. Dereva alikuwa kijana mstaarabu. Alizima injini, akavua kofia, akauliza kama kuna mtu ana neno la kusema. Hapakuwa na mwenye karatasi yoyote. Akawasha, akakisawazisha kichuguu kwa mizunguko minne, na jioni mahali pale pakawa sawa na mahali pengine. Febronia alitazama mpaka mwisho, akaenda kuchota maji. Usiku huo hakula, na kesho yake hakula, na siku ya tatu alikula kwa sababu Mbuke alimkalisha chini akamlisha kwa mkono.

Mpunga ulistawi mwaka ule. Kamba nne zilimtosha kula, na hilo halikatai. Kwa kamba moja angekuwa kibarua kwenye mashamba ya watu.

Oktoba ya mwaka tisini na tisa kura ilipigwa tena, Jumamosi vilevile. Bahasha ya karata, yenye mhuri wa kijiji, ilifunguliwa mbele ya watu, na zile kumi na mbili zilikuwa palepale chini ya meza, kila mtu akijua. Mzee Evodius alizichanganya vizuri, akazikata, akamsogezea Febronia. Febronia alivuta sita ya shupaza.

Karani akapima kamba sita, akapiga kigingi. Mwenye trekta alikuwa mjini. Msimu wake ulikuwa haujaanza.

Febronia hakurudi nyumbani. Alikwenda na jembe mpaka kamba ya nne, akahesabu hatua kumi na mbili, akaanza kuinua udongo. Kassian, aliyekuja mapema safari hii, alichimba upande wa pili. Shilinde alileta mkokoteni wake wa ng'ombe umejaa udongo wa kichuguu alioutoa kwenye boma lake, akaumwaga, akaondoka. Jua lilipozama walikuwa na tuta refu, lenye msalaba wa mti wa dungu la zamani. Febronia alilala pale, juu ya mkeka. Jumapili alipika palepale, akala palepale, akazungumza siku nzima, habari za Careen na mjukuu, habari za mpunga, nani amekufa, nani ameoa. Kassian alimwachia nafasi. Kutoka barabarani aliisikia sauti ya dada yake ikipanda na kushuka, na mara moja aliisikia ikicheka.

Jumatatu asubuhi kigingi kilikuwa kwenye nne, na nyasi zimeota miguuni pake.

Febronia alikunja mkeka, akavuka kurudi upande wake, akalima mpaka saa sita. Jioni alikuwa uani anachekecha unga. Kassian alikuwa anafunga pampu kwenye baiskeli.

"Mwalimu," aliita. Alikuwa hajawahi kumwita mwalimu. "Njoo unipigie hesabu. Karata zitabaki hizohizo. Meza haitanyanyuliwa. Nikivuta tano, au sita, au saba, nampata Jumamosi na Jumapili. Nikivuta chini ya hapo, simpati. Kwa mwaka nitarajie siku ngapi?"

Kassian alichutama. Tatu kati ya saba, mara siku mbili. Aliandika polepole kwenye unga, kwa kuwa safari hii hakutaka kukosea. "Sita ya saba," alisema. "Siku moja, pungufu kidogo."

"Pungufu kiasi gani?"

"Saa tatu na kitu."

Febronia aliiangalia ile sehemu kwenye ungo. "Hizo ni za kulala," alisema. "Andika moja."

Kassian, ambaye katika miaka kumi na tisa ya ualimu hakuwahi kumpa mwanafunzi alama kwa jibu la kukadiria, alifuta kwa kiganja, akaandika moja. Dada yake akaupeta ungo, akaingia jikoni, maana maji yalikuwa yameshachemka.